Zizi na Njia Kuu: Urithi wa Mifugo ya Kaya na Wakazi wa Kale wa Bonde la Malagarasi katika Historia ya Unyamwezi

Ikisiri

Historia ya Tabora imezoeleka kusimuliwa kama historia ya njia: misafara, pembe za ndovu, utumwa na wageni waliopita. Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka upande wa zizi, yaani mifugo ya kaya na watu walioitunza katika bonde la mto Malagarasi na vijito vyake. Kwa kutumia ushahidi wa lugha, akiolojia na maandishi ya karne ya 19, makala yanajenga hoja tatu. Kwanza, njia na zizi vilikuwa mfumo mmoja wa uchumi, kwa kuwa faida ya safari iliwekwa katika ng'ombe. Pili, majina ya watu na ya mahali yanaonesha kwamba wakazi wa bonde hilo ni matokeo ya tabaka nyingi za watu, hivyo dai la kundi moja kuwa la kwanza halina msingi imara. Tatu, namna historia hiyo inavyosimuliwa ina athari kwa mijadala ya sasa kuhusu malisho, hifadhi na haki ya ardhi magharibi mwa Tanzania.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa historia ya Tabora hukutana kwanza na wapitaji. Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikaa Kwihara akisubiri njia ya Ujiji ifunguke, na mwaka uliofuata David Livingstone alikaa hapohapo hadi mwezi Agosti, alipoondoka kwa safari yake ya mwisho. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyaeleza maisha yake kwa Kiswahili katika matini iliyochapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na Tabora imo humo kama kituo cha kurejea mara kwa mara. Matini hizo zote ziliandikwa na watu waliokuwa safarini. Si ajabu, basi, kwamba Unyamwezi umebaki katika kumbukumbu kama mahali pa kupita.

Hata hivyo, maandishi hayohayo yana habari nyingine zilizowekwa pembeni. Livingstone, alipokuwa akiwangoja wapagazi wake Kwihara, alinunua ng'ombe wa maziwa na kutengeneza jibini kwa ajili ya safari. Burton na Speke waliwataja wafugaji wa Kitutsi waliochunga makundi ya ng'ombe katika Unyanyembe. Palikuwapo, kwa hiyo, zizi kando ya njia, na mwenye zizi, na mchungaji ambaye mara nyingi hakuwa mwenye mali. Maziwa aliyokunywa msafiri yalitoka mahali fulani, yakakamuliwa na mikono ya mtu fulani.

Makala haya yanachunguza zizi hilo. Dhana ya “urithi wa kaya” inatumika hapa kwa maana pana: mifugo yenyewe, malisho yaliyotengwa kwa ajili yake, kanuni za kuirithisha, na msamiati unaobeba kanuni hizo. Eneo linalohusika ni sehemu ya Unyamwezi na majirani wake ambayo maji yake huelekea magharibi, kupitia mito kama Igombe na Ugalla, hadi mto Malagarasi ambao humwaga maji katika ziwa Tanganyika.

2.0 Bonde na Wakazi Wake wa Kale

Ushahidi thabiti wa kale zaidi kuhusu uchumi wa bonde la Malagarasi haukutokana na pembe wala ng'ombe, bali na chumvi. Mwaka 1967 wanahistoria John Sutton na Andrew Roberts walifanya uchimbaji wa kiakiolojia katika chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Matokeo yao yalionesha kwamba watu wa Zama za Chuma za Mwanzo walikuwa wakichemsha maji ya chumvi hapo tangu takribani karne ya tano au ya sita BK. Kwa maneno mengine, uzalishaji wa bidhaa ya kubadilishana ulikuwapo bondeni zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mfanyabiashara wa kwanza kutoka Zanzibar kufika Unyanyembe.

Jambo hili lina uzito wa kihistoria. Chumvi ni bidhaa isiyopatikana kila mahali, na wafugaji huihitaji kwa ajili ya mifugo yao kama wanavyoihitaji kwa ajili ya chakula chao. Mahali penye chumvi hujenga njia. Watu kutoka pande mbalimbali walikwenda Uvinza wakati wa kiangazi, wakachemsha au wakabadilishana, wakarudi makwao kabla ya mvua. Mzunguko huo wa kiangazi ndio uliokuja kuwa mzunguko wa upagazi wa Wanyamwezi: safari baada ya mavuno, kurejea kabla ya kupanda. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani kwa miguu yao ifikapo mwaka 1800 au karibu na hapo. Msafara mkubwa wa karne ya 19 ulijengwa juu ya mazoea ya kale ya wenyeji, si juu ya pori tupu.

Ushahidi wa lugha unaafikiana na picha hii. Neno la kawaida la Kiswahili leo ni *chumvi*, lakini Kiswahili kina pia *munyu*, neno ambalo kamusi hulitaja kama kisawe chake. Katika Kirundi, lugha ya jirani wa bonde hilo, chumvi huitwa *umunyu*. Mzizi huo umeenea sana katika lugha za Kibantu, jambo linaloonesha kuwa wazungumzaji wa kale wa lugha hizo waliijua bidhaa hiyo kabla ya kutawanyika kwao, na kwamba wachemshaji wa Uvinza walikuwa warithi wa ujuzi mpana.

Kuhusu ng'ombe, historia ni ya kuazimana zaidi. Katika Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, ng'ombe walifugwa takribani miaka elfu tatu iliyopita, kabla ya jamii za Kibantu kuenea huko. Wafugaji hao wa mwanzo huhusishwa na lugha za Kikushi na za Kiniloti. Jamii za Kibantu za Afrika Mashariki zilijifunza mengi ya ufugaji kwa majirani hao, na sehemu ya msamiati wao wa mifugo huonesha ujirani huo. Kwa hiyo zizi la Kinyamwezi, tangu asili yake, lilikuwa mahali ambapo maarifa ya zaidi ya jamii moja yalikutana.

3.0 Majina ya Watu na ya Mahali

Swali la “nani alikuwa wa kwanza” huulizwa mara nyingi kupitia majina. Ni vyema kuona majina hayo yanasema nini hasa.

Kinyamwezi ni lugha ya Kibantu inayowekwa katika Kanda F ya uainishaji wa Malcolm Guthrie, pamoja na Kisukuma, Kisumbwa na Kikimbu. Katika historia ya isimu lugha hii ina nafasi ya pekee. Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi Unyamwezi, ndiye aliyeona kwamba konsonanti isiyo na ghuna hupata ghuna inapofuatiwa na nyingine isiyo na ghuna katika silabi inayofuata. Tofauti ya *-tatu* ya Kiswahili na *-datu* ya Kinyamwezi ni mfano unaojulikana. Carl Meinhof aliipa kanuni hiyo jina la Dahl mwaka 1903, na kamusi ya Kinyamwezi ya Dahl ilichapishwa mwaka 1915. Baadaye Clement Maganga na Thilo Schadeberg walitoa sarufi, matini na msamiati wa lugha hiyo mwaka 1992. Hivyo data za kuchunguza msamiati wa zizi zipo. Kilichopungua ni kuzisoma kwa jicho la mwanahistoria.

Tukianza na majina ya watu, tunakuta kwamba mengi yao si majina ya asili ya ukoo bali ya mwelekeo. *Sukuma* ni kaskazini, na *dakama* ni kusini. Msukuma, kwa maana ya awali, ni mtu wa kaskazini ya anayezungumza; Mdakama ni mtu wa kusini yake. Jina *Wanyamwezi* nalo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, lilitumiwa kwanza na watu wa mashariki na pwani kwa wale waliotoka upande ambako mwezi mwandamo huonekana, yaani magharibi. Wenyewe walijitambua zaidi kwa utemi: Wanyanyembe, Wagalaganza, Wayowa. Jina la mwelekeo hutegemea mahali mtu aliposimama. Likichukuliwa kuwa jina la kabila lenye mipaka ya kudumu, hupotosha. Yuleyule aliyeitwa Mdakama na jirani yake wa kaskazini aliweza kuwa Msukuma kwa jirani yake wa kusini.

Majina ya mahali yanadai tahadhari ya namna yake. Masimulizi mashuhuri mjini husema kwamba Tabora limetokana na *matobolwa*, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa, chakula ambacho mpagazi alikibeba njiani na ambacho hadi leo huuzwa katika masoko ya mkoa huo. Mabadiliko ya kifonolojia yanayohitajika ni makubwa: kupotea kwa kiambishi *ma-*, irabu *o* kuwa *a*, na *-lwa* kuwa *-ra*. Kubadilika kwa *l* kuwa *r* hakuleti shida, kwani maandishi ya wageni yalichanganya sauti hizo mara nyingi. Irabu ndiyo yenye kikwazo. Simulizi hiyo, basi, ina thamani zaidi kama ushahidi wa kumbukumbu kuliko kama etimolojia: wenyeji waliuchagua mmea wa shambani na kazi ya jikoni, si pembe wala bunduki, kuueleza mji wao.

Jina la mto Igombe linavutia kwa sababu hiyohiyo. Kiambishi *i-* ni cha ngeli ya 5 katika Kinyamwezi, na umbo *-gombe* ni lilelile lililomo katika *ng'ombe*. Stanley naye aliutaja mkondo wa Gombe kusini-magharibi mwa Tabora, ambako alipumzika akiwinda mwaka 1871. Umbo linaruhusu tafsiri ya mto wa ng'ombe, lakini umbo pekee halitoshi kuthibitisha. Njia salama ni kulisoma jina pamoja na mazingira: bonde lenye mbuga za udongo mweusi, majani ya kiangazi na maji, ambako kupeleka mifugo ni jambo la kutarajiwa.

Neno lenye ushahidi ulio wazi kabisa ni *ikulu*. Makao ya mtemi yaliitwa *ikulu*, na kwa umbo la mahali *kwikulu*, ambalo wasafiri waliliandika *kwikuru*. Mzizi wake ni *-kulu*, yaani -kubwa. Kiswahili kiliurithi mzizi huohuo kikaupoteza *l* katikati ya irabu, na hivyo kupata *-kuu*. Iwapo *ikulu* lingekuwa neno la asili la Kiswahili, lingetarajiwa kuipoteza *l* hiyo. Kubaki kwake kunathibitisha kuwa neno limeazimwa kutoka bara. Makao ya Rais wa Jamhuri ya Muungano yanaitwa kwa neno la boma la mtemi, na katika boma hilo kulikuwa na watu, ghala na ng'ombe. Vivyo hivyo *mtemi* limeingia katika Kiswahili cha historia likiwa na maana ya kitenzi *-tema*, kukata: aliyefyeka pori, au aliyekata shauri. Tafsiri zote mbili hukutana katika jambo moja, kwamba mamlaka yalitokana na kulifanya pori kuwa makazi.

4.0 Pembe Zilizogeuka Ng'ombe

Katikati ya karne ya 19 Unyanyembe ulikuwa njiapanda. Njia kutoka Bagamoyo iligawanyika hapo: moja kwenda Ujiji kupitia Uvinza, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi. Waarabu wa Oman na Waswahili walijenga makazi yao karibu na makao ya mtemi Fundikira. Mahusiano ya ndoa yaliunganisha pande hizo: katika maelezo ya Tippu Tip, baba yake Muhammad bin Juma alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na aliishi Ituru karibu na Tabora. Mfanyabiashara wa pwani aliingia, kwa njia hiyo, katika ukoo wa mtemi na katika mashamba yake.

Wapagazi walilipwa kwa nguo, shanga na waya. Bidhaa hizo hazikukaa. Nguo huchakaa, shanga hupitwa na wakati kadiri ladha ya soko inavyobadilika. Wanahistoria kama Andrew Roberts na Stephen Rockel wameonesha kwamba Mnyamwezi aliyefanikiwa aliibadilisha mali ya safari kuwa mali ya kudumu: watu, na hasa ng'ombe. Ng'ombe huzaa, ng'ombe hulipa mahari, ng'ombe huweza kuwekwa kwa jirani ili maradhi au wavamizi wasimalize kundi lote kwa siku moja. Zizi lilikuwa hazina ya msafara.

Mfumo huu ulikuwa na pande zake za giza, na makala hayawezi kuzikwepa. Aliyekaa nyumbani alilima ili msafiri aweze kuondoka, na mara nyingi aliyekaa alikuwa mwanamke au mtumwa. Wanawake wengine walisafiri na misafara, wakapika, wakabeba na kufanya biashara zao. Kundi lililokua kwa sababu ya biashara ya pembe lilikua pia kwa jasho la watu walionunuliwa. Mtu anayeuita urithi huo “wa kaya” hana budi kuuliza kaya hiyo iliundwa na nani.

Swali hilo linajibiwa kwa sehemu na sheria za ndoa. R. G. Abrahams, katika utafiti wake juu ya Unyamwezi, alieleza tofauti ya ndoa yenye mahari, *kukwa*, na ile isiyo na mahari, *butende*. Katika ndoa ya kwanza watoto walihesabiwa upande wa baba. Katika ya pili walihesabiwa upande wa mama. Ng'ombe ndiye aliyeamua mtoto ni wa nani. Kwa mantiki hiyo zizi lilikuwa pia kumbukumbu ya nasaba: kutaja ng'ombe walikotoka na walikokwenda ni kutaja nani ni ndugu wa nani. Mzee aliyejua historia ya kundi lake alijua historia ya ukoo wake, bila kuandika hata neno moja.

Utani nao ulikua katika mazingira ya njia. Uhusiano wa utani kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani, kama Wazaramo, unajulikana sana, na watafiti wameuhusisha na misafara. Mtani alimhifadhi msafiri aliyeugua na kumzika aliyefia ugenini. Njia ilizalisha undugu kama zizi lilivyozalisha undugu.

Neno *hongo* linaonesha mabadiliko ya uhusiano huo. Katika karne ya 19 lilikuwa malipo ya wazi: mpita njia alimlipa mwenye nchi kwa haki ya kupita, kuteka maji na kuvuka mto. Watawala wa Uvinza walitoza hongo kubwa kwa ajili ya kivuko cha Malagarasi, na Stanley aliilalamikia sana. Leo *hongo* ni malipo ya siri ya kuipotosha haki. Neno limebeba mtazamo wa mpita njia aliyeona kodi kuwa uporaji. Kwa mwenye mto, kutoza kulikuwa kutambuliwa kama mwenye mto.

5.0 Nadharia ya Speke na Madhara Yake

Ng'ombe walitumika pia kujenga hadithi yenye hatari. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke alidai kwamba wafugaji wa eneo la maziwa makuu, aliowaita Wahuma, walikuwa wazao wa wavamizi kutoka upande wa Uhabeshi, jamii bora iliyowatawala wakulima. Hoja yake haikutegemea hati wala uchimbaji. Ilitegemea sura za watu na makundi ya ng'ombe aliyoyaona. Wanazuoni wa baadaye waliiita nadharia ya Kihamu, nayo ilitumika katika utawala wa kikoloni wa Rwanda na Burundi kwa matokeo yanayojulikana.

Unyamwezi wenyewe unatoa ushahidi wa kuikanusha. Watutsi waliokuwa Unyanyembe hawakuwa watawala. Walikuwa wachungaji wa ng'ombe wao na wa watu wengine, katika nchi ambayo mtemi wake alikuwa Mnyamwezi. Umahiri wa kuchunga haukuleta utawala; uliwapa watu nafasi katika jamii waliyoikuta. Aidha, msamiati wa ng'ombe katika lugha za Kibantu ni wa kale kuliko kuwasili kwa kundi lolote lililotajwa na wasafiri wa karne ya 19. Kuutoa ufugaji kwa wenyeji na kuwapa wageni wa kubuniwa ni kuwanyang'anya historia yao mara ya pili.

6.0 Vita, Sotoka na Ndorobo

Mfumo wa njia na zizi ulianza kuvunjika kabla ya wakoloni. Mnwa Sele, aliyemrithi Fundikira, alijaribu kuwatoza wafanyabiashara wa pwani, nao wakamfukuza mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo wa Urambo, vikafunga njia ya Ujiji, na vikaendelea kwa miaka kadhaa. Katika vita hivyo ng'ombe walikuwa miongoni mwa nyara kuu, na ruga-ruga waliishi kwa kile walichokiteka. Mirambo alifariki Desemba 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, ambapo boma lake lilivamiwa na majeshi ya Tom von Prince naye akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa.

Pigo kubwa zaidi kwa mazizi lilikuwa limeanza miaka michache kabla. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe na wanyamapori wengi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba kufa kwa mifugo na kupungua kwa watu kuliruhusu pori kurudi, na pamoja na pori wakarudi ndorobo, wadudu waenezao nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Watafiti waliofuata, kama Juhani Koponen, walipunguza baadhi ya madai ya Kjekshus kuhusu hali ya kabla ya ukoloni, lakini uhusiano wa kaya, ng'ombe na pori umebaki kukubalika: watu na mifugo wakiwa wengi, pori hurudi nyuma, wakipungua, ndorobo husonga mbele. Kitenzi *-tema* cha mtemi kinapata hapa maana ya kiikolojia.

Serikali ya Waingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, ilijibu tatizo la malale kwa kuwahamisha watu kutoka maeneo ya pori na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Waliohamishwa waliokolewa na maradhi, na wakati huohuo mabonde yao yaliachwa. Reli nayo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilikuwa imeumaliza upagazi. Kizazi kimoja kilipoteza njia na zizi kwa pamoja. Mabonde yaliyoachwa yalianza kuandikwa kwenye ramani kama nyika isiyo na wenyewe, na sehemu ya bonde la Ugalla baadaye ikawa pori la akiba.

7.0 Ngitili na Swali la Sasa

Kaskazini, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga, Nzega na Igunga, urithi wa malisho ulidumu kwa jina la *ngitili*: sehemu ya ardhi inayofungwa wakati wa masika ili majani yakue, na kufunguliwa kiangazi kwa ajili ya mifugo, hasa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai. Nyingine zilikuwa za kaya, nyingine za kijiji. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya kale, na ngitili nyingi zikapoteza wenyewe. Tangu mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulizifufua kwa kutumia kanuni hizohizo za wazee. Ardhi iliyokuwa jangwa ikaota tena miti. Serikali ilijifunza kwa neno la Kisukuma jambo ambalo wataalamu wake hawakulipata katika vitabu vyao.

Kutoka kaskazini hukohuko, kaya za Kisukuma zilianza kuhama na mifugo yao kuelekea kusini na magharibi, hasa kuanzia miaka ya 1970. Zilifika Tabora, Rukwa na mbali zaidi. Huko zilikuta mabonde ambayo ramani ziliyaonesha kuwa matupu, wakulima wa tumbaku wanaohitaji kuni za kukaushia, na hifadhi zinazopanuka. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania, na mwaka 2019 Mto Ugalla ukawa hifadhi ya taifa. Kila hatua ina sababu zake: maji hayo yanahitaji kulindwa, na watu wa chini ya mto wanayategemea.

Hata hivyo, katika mabishano yanayofuata, maneno hufanya kazi ya sheria. *Mwenyeji*, *mhamiaji*, *mvamizi*, *mfugaji wa kuhamahama*: kila moja hutoa au huondoa haki kabla hati yoyote haijafunguliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila, na Sheria ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010 inaruhusu kutengwa kwa malisho. Lakini mila huthibitishwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya zizi haikuandikwa. Kaya ambayo babu zake walihamishwa kwa sababu ya malale inaweza kuonekana leo kuwa ngeni katika bonde ilimozaliwa. Kaya iliyohamia miaka 40 iliyopita inaweza kuitwa ya jana, ingawa imezika wazazi wake hapo. Na mkulima anayeona ng'ombe katika mpunga wake haulizi etimolojia ya Msukuma. Anauliza nani atamlipa.

Ushahidi uliojadiliwa hapa hautoi hukumu ya kesi hizo, lakini unaondoa hoja moja iliyo rahisi mno: kwamba bonde lilikuwa la kundi moja tangu mwanzo. Wachemsha chumvi wa Uvinza, wakulima wa Kibantu, majirani waliowafundisha ufugaji, wachungaji wa Kitutsi, watumwa waliolima mashamba ya Unyanyembe, wafanyabiashara wa pwani waliooa mabinti wa watemi: wote waliishi humo, na wazao wao hawatenganishiki kwa majina. Katika historia ya bonde hili uenyeji haukutokana na kutangulia tu. Ulipatikana kwa kufyeka, kuoa, kulipa hongo, kutunza maji na kuzikana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamechunguza historia ya Tabora na njia kuu ya magharibi kutoka upande wa zizi. Imeonekana kwamba chumvi ya Uvinza ilitangulia pembe katika kujenga mzunguko wa safari. Kwamba mali ya msafara iligeuzwa kuwa ng'ombe, na ng'ombe wakawa kipimo cha nasaba. Na kwamba sotoka, vita, malale na sera za makazi zilitenganisha watu na mabonde yao. Aidha, imeoneshwa kwamba maneno kama *ikulu*, *mtemi*, *hongo*, *matobolwa* na *ngitili* ni nyaraka za historia hiyo, mradi yasomwe kwa kufuata kanuni za lugha na si kwa mvuto wa simulizi.

Kazi inayobaki ni ya haraka. Wazee wanaojua majina ya rangi za ng'ombe, majina ya visima na ya ngitili zilizoachwa, na njia ambazo mahari ya nyanya zao ilipitia, wanazidi kupungua. Kukusanya msamiati huo katika Kinyamwezi, Kisukuma, Kikimbu na Kivinza, pamoja na mahali kila neno linapohusika, kutaipa leksikografia ya Kiswahili chanzo kipya, na kutavipa mabaraza ya ardhi ya vijiji kumbukumbu ambayo hayana. Mto Malagarasi ulivukwa kwa malipo kwa sababu ulikuwa na wenyewe. Kuyarekodi majina yao ni hatua ya kwanza ya kuwasikiliza wazao wao, wafugaji na wakulima, wa zamani na wa karibuni, wanapokutana mbele ya baraza.